Mahalanobis: Mwanatakwimu aliyewajua wengi kwa kuwauliza wachache

KWA zaidi ya mwongo mmoja, uchunguzi mkuu wa kitaifa kuhusu uzazi na afya nchini Kenya uliendeshwa bila mwanamke hata mmoja wa Garissa, Wajir au Mandera kuulizwa swali. Uchunguzi wa mwaka 1989 uliuacha nje Mkoa mzima wa Kaskazini Mashariki pamoja na wilaya nyingine chache za kaskazini. Ule wa 1993 ulifuata nyayo hizo, na ule wa 1998 vilevile. Ripoti zilipotoka zilibeba jina la Kenya, na takwimu zake zikawa msingi wa mipango ya afya ya taifa. Wahojaji wa uchunguzi huo walivuka Mto Tana na kuingia mkoani humo kwa mara ya kwanza mwaka 2003.

Sababu zilizotolewa hazikuwa ngeni. Njia zilikuwa mbaya, usalama ulitiliwa shaka, gharama ilikuwa kubwa, na wafugaji wa kuhamahama hawakuwa na anwani ya kudumu. Isitoshe, wakazi wa maeneo yaliyoachwa walikuwa asilimia chache tu ya Wakenya wote, hivyo wastani wa taifa usingebadilika sana kwa kukosekana kwao.

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo iliyo nzito zaidi, na ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Mtu aliyetumia umri wake kuufundisha ulimwengu jinsi ya kuwajua wengi kwa kuwauliza wachache, na jinsi ya kutambua pale wachache hao wanapowasaliti wengi, alikuwa Mhindi kwa jina Prasanta Chandra Mahalanobis. Alifariki mwaka 1972. Maisha yake yalipita mbali na Garissa, lakini kila karani anayebisha hodi katika kaya iliyochaguliwa kwa nasibu, iwe mjini Garissa au Wajir, anatembea katika njia ambayo Mahalanobis alikuwa miongoni mwa walioifyeka.

Mahalanobis alizaliwa Juni 29, 1893 mjini Calcutta, katika Bengal iliyokuwa chini ya utawala wa Waingereza. Familia yake ilikuwa ya Brahmo Samaj, jumuiya ya Wahindu wapenda mageuzi waliothamini elimu na kupinga matabaka ya kuzaliwa. Alisoma fizikia katika Chuo cha Presidency mjini humo na kuhitimu mwaka 1912. Mwaka uliofuata alisafiri hadi Uingereza.

Inasimuliwa kwamba hakukusudia kusoma Cambridge. Alikwenda kuutembelea mji huo, akavutiwa na kanisa la Chuo cha King's, akakosa gari-moshi la mwisho la kurudi London, na kutokana na kisa hicho akaishia kujiunga na chuo hicho. Huko alifahamiana na Srinivasa Ramanujan, bingwa wa hisabati kutoka kusini mwa India. Majira ya baridi Mahalanobis alimkuta Ramanujan akilala juu ya mablanketi, amejifunika koti, kwa kuwa hakujua kwamba kitanda cha Kiingereza kilitandikwa ili mtu aingie ndani ya mablanketi. Alimwonyesha. Kisa hicho kidogo kinaeleza tabia iliyomfaa maishani, ya kutazama jinsi jambo linavyotendeka hasa badala ya kudhani.

Alimaliza masomo yake ya fizikia mwaka 1915 kwa daraja la juu. Vita Kuu ya Kwanza vilichelewesha safari yake ya kurudi nyumbani kwa likizo, naye akawa akishinda maktabani. Mwalimu mmoja wa chuo hicho alimwonyesha jarida la Biometrika lililohusu matumizi ya takwimu katika elimu ya viumbe. Mahalanobis alinunua matoleo yake yote yaliyokuwapo, akayasoma melini, na alipofika Calcutta alikuwa mtu mwingine. Likizo hiyo haikuisha. Alipata kazi ya kufundisha fizikia katika Chuo cha Presidency, na takwimu ikawa shughuli ya saa zake za ziada.

Mwaka 1922 mafuriko yalikumba kaskazini mwa Bengal, na serikali ikataka ushauri. Wahandisi walikuwa wamependekeza mabwawa ya gharama kubwa ya kuzuia maji. Mahalanobis alipitia kumbukumbu za mvua na kina cha mito za miaka mingi, akaonyesha kwamba mabwawa hayo yasingefaa kitu. Miaka michache baadaye, baada ya mafuriko ya 1926 huko Orissa, wahandisi walishikilia kuwa kitanda cha mto kilikuwa kimeinuka. Takwimu zake zilionyesha sivyo. Alijifunza kwamba wataalamu wanaweza kukubaliana wote na bado wakakosea, iwapo hakuna aliyepima.

Mwaka 1923 alimwoa Nirmalkumari, aliyejulikana kwa jina la Rani, ambaye alikuwa mwenzi wake hadi mwisho. Wote wawili walikuwa wandani wa mshairi Rabindranath Tagore. Katika chumba chake chuoni Mahalanobis alikusanya vijana waliopenda hesabu, na kutoka katika chumba hicho ilizaliwa Taasisi ya Takwimu ya India, iliyoanzishwa Desemba 1931. Jarida lake, Sankhya, lilianza kutoka mwaka 1933. Mwaka 1936 alichapisha kipimo cha umbali kati ya makundi kinachobeba jina lake hadi leo. Mmoja wa wanafunzi wake, C.R. Rao, alikitumia kipimo hicho huko Cambridge kuchambua mifupa ya watu wa kale wa Jebel Moya nchini Sudan.

Mwaka huohuo wa 1936, upande wa pili wa dunia, ulitokea mkasa ambao wanatakwimu hawajausahau. Jarida moja la Marekani, Literary Digest, lilituma kadi zipatazo milioni 10 kuwauliza wananchi wangempigia nani kura ya urais. Zaidi ya milioni 2 zilirudi, na jarida likatangaza kuwa Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina ya waliotumiwa kadi yalitolewa kwa sehemu kubwa katika orodha za wenye simu na wenye magari, na wenye ari ya kurudisha kadi hawakuwa sawa na walionyamaza. Wingi wa majibu haukuondoa upendeleo uliokuwamo katika orodha. Uliufanya tu uonekane kama ukweli.

Kule Bengal, Mahalanobis alikuwa akipambana na tatizo hilohilo mashambani. Zao kuu la biashara lilikuwa juti, nyuzi za kusokotea magunia, na serikali ilihitaji kujua ni eka ngapi zilizopandwa kabla ya mavuno. Kuhesabu kila shamba kulikuwa kazi ya jeshi zima la makarani. Kuwategemea machifu na watoza kodi wakadirie kulileta namba zilizowapendeza wakubwa wao. Mwaka 1937 alianza majaribio madogo, na kuyapanua mwaka baada ya mwaka hadi mwaka 1941 yalipoenea Bengal yote.

Njia yake ilikuwa rahisi kueleza. Ramani iligawanywa katika maeneo, kisha vipande vidogo vya ardhi vikachaguliwa kwa nasibu, yaani kwa namna ambayo kila kipande kilikuwa na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, na si kwa hiari ya mtu yeyote. Karani alitakiwa kwenda palepale palipoangukiwa na kura, hata kama ni kwenye kinamasi, badala ya kupima shamba lililo kando ya barabara. Mpishi huonja kijiko kimoja cha mchuzi na kuijua chumvi ya sufuria nzima, lakini kwa sharti kwamba amekoroga kwanza. Nasibu ndiyo mwiko wa mwanatakwimu.

Mahalanobis alikwenda mbali zaidi ya hapo. Alitambua kwamba kosa linalotokana na kuchukua sampuli, ambalo hisabati inaweza kulikadiria, mara nyingi ni dogo kuliko kosa la binadamu anayekusanya habari. Karani huchoka. Karani hubuni majibu chini ya mti. Mhojaji mwenye maoni yake huyasikia kinywani mwa anayemhoji. Ili kuyanasa makosa hayo, alibuni utaratibu wa kugawa sampuli katika mafungu mawili au zaidi yanayoingiliana katika eneo lilelile, kila fungu likikusanywa na kundi tofauti la makarani wasioshauriana. Matokeo ya mafungu yakikaribiana, kuna sababu ya kuyaamini. Yakitofautiana kupita kiasi cha bahati, kasoro inatafutwa kwa watu, si kwa mashamba.

Yeye mwenyewe hakuepuka makosa. Alipendelea kukadiria mavuno kwa kuvuna vipande vidogo sana vya shamba. Mwanatakwimu mwenzake wa India, P.V. Sukhatme, alimpinga kwa miaka mingi, akionyesha kwamba katika kipande kidogo mvunaji huelekea kuingiza mimea iliyo mpakani, na hivyo mavuno huonekana makubwa kuliko yalivyo. Mabishano yao yalikuwa makali, lakini yalijengwa juu ya vipimo, na taaluma ilinufaika kwayo.

Jaribio zito zaidi lilikuja na njaa ya Bengal ya mwaka 1943, ambayo kwa makadirio mengi iliwaua watu kati ya milioni 2 na milioni 3. Mahalanobis na wenzake walifanya uchunguzi wa sampuli vijijini mwaka 1944 na 1945 ili kujua athari zake. Matokeo yalionyesha kwamba njaa haikuwapiga wote sawasawa. Vibarua wasio na ardhi, wavuvi na mafundi wa vijijini ndio waliozama zaidi, na wengi waliokuwa na kishamba kidogo walikiuza ili wale. Njaa iliyosimuliwa kama balaa la mbingu ilionekana katika takwimu kuwa na ngazi zake, na maskini walikuwa kwenye ngazi ya chini.

Hata hivyo, uchunguzi wa namna hiyo una pengo ambalo hesabu peke yake haiwezi kuliziba. Kaya iliyokufa yote haina wa kujibu. Iliyohamia mjini kuombaomba haikutwi kijijini. Wanaohojiwa ni walionusurika na kubaki, na walionusurika si kielelezo kamili cha walioteseka. Mtu wa Garissa hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Ukame unapoua mifugo, kaya iliyopoteza kila kitu huvunja makazi na kwenda pembezoni mwa mji, wakati yenye ngamia waliobaki imo mbali malishoni. Karani anayefika kwenye kijiji kilichoandikwa katika orodha yake huweza kuwakosa wote wawili, mnyonge kabisa na mwenye nguvu zaidi.

Mwaka 1945 Mahalanobis alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London. Kuanzia 1947 hadi 1951 aliongoza kamati ndogo ya Umoja wa Mataifa kuhusu sampuli katika takwimu, iliyosaidia kuifanya njia hiyo ikubalike katika nchi nyingi. India ilipokwisha kujitawala, Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru alimtegemea sana. Mwaka 1950 ulianza Uchunguzi wa Kitaifa wa Sampuli, ambao katika awamu yake ya kwanza ulichukua vijiji vipatavyo 1,800 ili kueleza maisha ya mamilioni ya kaya za mashambani zenye lugha nyingi na uzani na vipimo visivyofanana. Aliandaa pia rasimu ya mpango wa pili wa miaka mitano wa uchumi, ulioanza 1956 na kutilia mkazo viwanda vizito. Sera hiyo bado ina wanaoilaumu na wanaoitetea.

Kwa Afrika, urithi wake ulipita katika darasa. Mwaka 1950 kilifunguliwa mjini Calcutta kituo cha kimataifa cha mafunzo ya takwimu, ambako watumishi wa serikali kutoka Asia na baadaye Afrika walifundishwa kuchora sampuli, kuandaa hojaji na kukagua kazi ya makarani. Nchi zilizokuwa zimepata uhuru majuzi zilihitaji namba zao wenyewe, na fedha za kumhesabu kila mtu kila mwaka hazikuwapo.

Nchini Kenya, njia ya sampuli ilifika Kaskazini Mashariki kwa mlango usiotarajiwa. Katika miaka ya 1970 serikali iliunda kitengo cha kuchunguza nyanda za malisho, ambacho ndege zake ziliruka kwa mistari iliyopangwa juu ya Garissa, Wajir na Mandera, huku watazamaji wakihesabu ng'ombe, ngamia, mbuzi na wanyamapori walio ndani ya ukanda mwembamba wa pande mbili, na kutoka hapo kukadiria idadi yote. Hivyo mifugo na swara wa mkoa huo walikuwa wameingizwa katika sampuli ya kitaifa zaidi ya miaka 20 kabla ya mama zake kuingizwa katika ule uchunguzi wa afya.

Wenyeji walikuwa na kumbukumbu nyingine ya kuulizwa maoni. Mwaka 1962 Uingereza ilituma tume ya watu wawili, mwanasheria G.C.M. Onyiuke wa Nigeria na Meja Jenerali M.P. Bogert wa Kanada, kutafuta maoni ya wakazi wa eneo lililoitwa wakati huo Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Hapakuwa na kura wala sampuli. Tume ilisikiliza wajumbe na mabaraza, ikaripoti kwamba walio wengi, hasa Wasomali, walitaka kujitenga na Kenya. Machi 1963 Uingereza iliamua vingine, na sehemu kubwa ya eneo hilo ikafanywa mkoa wa Kaskazini Mashariki. Vita vya Shifta vilifuata hadi 1967, na sheria za hali ya hatari hazikuondolewa mkoani hadi 1991. Watu waliowahi kuulizwa kisha wasisikilizwe wana haki ya kumtazama kwa shaka mgeni mwenye karatasi na kalamu, na shaka hiyo nayo huingia katika majibu.

Matokeo ya 2003 yalidhihirisha gharama ya kuachwa nje. Wastani wa watoto ambao mwanamke angezaa maishani ulikuwa 4.9 kwa Kenya nzima, na kama maeneo ya kaskazini yangeachwa tena ungekuwa 4.8. Kwa mtazamo wa Nairobi, tofauti hiyo ni vumbi. Lakini kwa Kaskazini Mashariki peke yake wastani ulikuwa 7.0. Namba hiyo haikuwa imeonekana katika ripoti yoyote ya awali ya mfululizo huo, na pamoja nayo hazikuonekana hali za uzazi, chanjo na elimu ya wasichana. Wastani wa taifa haukudanganya sana kuhusu taifa. Ulinyamaza kabisa kuhusu mkoa.

Kuachwa nje si hatari pekee. Sensa ya 1999 ilihesabu watu 962,143 katika mkoa huo, na ya 2009 ikatoa 2,310,757. Serikali ilipotangaza matokeo Agosti 2010, ilifuta yale ya wilaya nane, zikiwamo Lagdera, Wajir Mashariki na tatu za Mandera, kwa kuwa ongezeko halikulingana na uzazi na vifo vilivyojulikana. Wakazi walijibu kwamba sensa za zamani ndizo zilizowapunguza. Sensa ya 2019 ilipata watu 2,490,073 katika kaunti tatu, huku Mandera ikishuka kutoka 1,025,756 hadi 867,457. Mzozo ulifika mahakamani. Haikushangaza, kwa maana idadi ya watu ilipewa uzito wa asilimia 45 katika fomula ya kwanza ya kugawia kaunti fedha.

Mzozo huo unagusa kila sampuli, kwa sababu orodha ambamo kaya huchaguliwa hutokana na sensa. Orodha ikiwa na watu hewa au ikiwa na mapengo, nasibu iliyo bora kabisa itachagua kwa haki kutoka katika orodha isiyo ya haki. Dawa ambayo Mahalanobis angeitambua ipo: sampuli ndogo ya ukaguzi baada ya sensa, ikikusanywa na kundi jingine la makarani lisilojua majibu ya kundi la kwanza.

Kwa wafugaji, wataalamu wamependekeza pia kuorodhesha visima na mabwawa badala ya vijiji, na kuwahoji wanaokuja kunywesha. Njia hiyo ina mtego wake, kwani kaya inayonywesha katika visima viwili ina nafasi maradufu ya kuchaguliwa, hivyo lazima iulizwe imetumia visima vingapi ili hesabu irekebishwe. Wale wanaofanya kura za maoni kwa simu za mkononi wana mtego wa zamani zaidi. Wanapowapigia wenye simu na mtandao, na kuwaacha walio malishoni kusiko na minara, wanarudia kosa la jarida lile la mwaka 1936.

Mahalanobis alitunukiwa nishani ya Padma Vibhushan mwaka 1968. Aliendelea kuiongoza taasisi aliyoianzisha hadi alipofariki Juni 28, 1972, siku moja kabla ya kutimiza umri wa miaka 79. Tangu 2007 India huadhimisha siku yake ya kuzaliwa kama Siku ya Takwimu.

Uchunguzi wa afya wa Kenya wa mwaka 2022 ulichukua sampuli katika kaunti zote 47, Garissa, Wajir na Mandera zikiwamo. Hiyo ni hatua ambayo mama wa Balambala au Habaswein aliisubiri kwa muda mrefu kuliko mwenzake wa Nyeri. Kazi iliyobaki kwa makarani wa safari ijayo ni ileile aliyowapa Mahalanobis makarani wa Bengal: kufika mahali kura ilipoangukia, hata kama gari haliendi.